Meno Yanayopitisha Mwangaza

Jumatatu, 7 Julai

Jumapili kwaya yetu ya Kianjokoma inarekodi video. Mwalimu Karimi anatafuta mwimbishaji wa kusimama mbele. Ni mimi au Njura. Njura ana sauti, sikatai, lakini meno yake ni ya kahawia tangu utotoni, maji ya kisima cha kwao. Mimi nayasugua kwa limau asubuhi na jioni, mwezi wa tatu sasa, kisha mswaki mgumu papo hapo. Yanang'aa! Kizuri chajiuza.

Jumatano, 9 Julai

Chai imenichoma meno. Maji baridi pia. Mke wangu Winfred anasema niende kwa daktari. Nimekubali. Sifa za daktari zitamnyamazisha Njura.

Alhamisi, 10 Julai

Embu mjini. Daktari Kathambi alinipulizia hewa menoni. Gai! Nusura nitoke na kiti. Akachungulia kwa kioo, akasema meno ni laini kama glasi, na ncha za mbele zinapitisha mwangaza. Nikamshukuru. Akasema magego yana vishimo kama vikombe. Akauliza kuhusu soda na kiungulia. Nikamtobolea siri ya limau, kifua mbele.

Akaweka kioo chini. Kisha akasema asidi ya limau ndiyo inayoyala meno. Niache. Nikila kitu kichachu nisukutue kwa maji, nisipige mswaki mara moja, na mswaki uwe laini. Akanipaka floraidi, akaziba vishimo, akaonya kwamba meno yataendelea kuumwa na baridi kwa wiki kadhaa. Mwisho akayapiga picha, ayalinganishe mwaka ujao. Picha! Njura hajawahi kupigwa picha za meno.

Jumapili, 13 Julai

Nilipewa nafasi ya mbele! Tulisimama kwenye shamba la majani chai, upepo wa Julai ukitoka mlimani. Kila nikifungua mdomo, baridi inapenya hadi utosini. Nikaimba nimefumba midomo. Mwalimu akasema hakuniweka pale ningurume, akamwita Njura. Njura akaachama, kahawia yote nje. Akina mama wakatoa machozi. Iliniuma kuliko meno.

Jumatatu, 14 Julai

Nimetafakari. Njura alipendelewa. Krismasi tunarekodi tena, na nitakuwa tayari. Mimi si mkaidi, daktari nimemtii kabisa: malimau nimewatupia ng'ombe.

Leo nimeanza na siki. Hiyo hakuitaja.