Jembe Juu, Sekunde Mbili

Jumanne, 17 Juni 2025
Jumapili tunacheza bugobogobo, ngoma yetu ya majembe, huko Bujora. Mama Dorotea, kiongozi wa kikundi hapa Ilemela, hajaamua nani aongoze mstari: mimi au Ngosha. Ngosha anarusha jembe, anageuka mara moja, analidaka. Mazoea tu. Mimi nilisoma fizikia. Nitageuka mara mbili. Mimi Mashimba sichezi nyuma ya mtu.

Jumatano, 18 Juni
Nimepima kwa simu. Jembe linakaa hewani sekunde mbili: moja kupanda, moja kushuka. Mvutano wa dunia ni kumi. Vitabu vinasema tisa nukta nane, lakini mimi si mtu wa kubania. Basi linaondoka mkononi kwa mita kumi kwa sekunde, linapanda mita tano, linasimama, linarudi kwa kasi ileile. Hapo mwisho nilipasoma haraka haraka.

Siwezi kucheza nikitazama simu. Nitahesabu mapigo ya Elias, mpiga ngoma wetu: mawili kila sekunde. La nne likilia, nanyoosha mkono. Akili ni mali.

Ijumaa, 20 Juni
Mazoezi. Nimegeuka mara mbili, pigo la nne, jembe kiganjani. Kina mama wakapiga vigelegele. Mama Dorotea amesema nitaongoza. Ngosha akasema jembe hutazamwa, halihesabiwi. Wivu! Nikamwonyesha daftari. Hakuelewa. Nilimhurumia dakika nzima.

Jumapili, 22 Juni
Uwanja ulifurika. Elias, kwa kushangiliwa, akapiga ngoma kwa kasi maradufu. Nikarusha. Nikageuka mara mbili, nusura nianguke. Pigo la nne: nikanyoosha mkono kwa madaha, nikafunga kiganja.

Hewa tupu. Jembe lilikuwa mita tano juu, ndiyo kwanza linasimama. Ngosha akanivuta pembeni. Likashuka kwa kasi ileile, likapasua ngoma ya Elias.

Mama Dorotea amempa Ngosha uongozi. Niliona aibu, kweli. Tulipofika Kisesa, mwendo mfupi tu njiani kurudi, ikaisha.

Jumatatu, 23 Juni
Nimerudia hesabu yote. Haina kosa. Mita tano kamili, nimeshuhudia mwenyewe. Ni wangapi Mwanza nzima wanaoweza kusema hivyo?

Ngosha amekuja kunijulia hali. Nimemwambia mwakani nitarusha majembe mawili. Akauliza nitahesabu kwa kutumia nini, na mapigo ya Elias yameshanidanganya. Nimemjibu nitahesabu makofi ya watazamaji. Hayo ninayaamini.