Kocha Wangu na Hiyo "Tutaona Ijumaa" Yake

Kwa Kocha Mkuu,
Timu ya Mabata Bukini,
Shule ya Sekondari ya Torvik,
Torvik, Minnesota.

Jumatano, kabla ya chakula cha jioni

Mheshimiwa Kocha Sollum,

YAH: OMBI LA KUAMUA JAMBO, LOLOTE LILE

Nakuandikia kwa heshima na taadhima, mimi mkazi wa mji huu, muumini wa kanisa lake, na mke wako wa ndoa. Huenda ukashangaa kwa nini sikuyasema haya jana mezani. Niliyasema, Verlyn. Niliyasema wakati wa supu, nikayarudia wakati wa kahawa, nawe ukatikisa kichwa huku unachora mishale kwenye kitambaa cha meza kwa ncha ya uma. Ndipo nikakumbuka kwamba barua za wazazi wa wachezaji huzisoma zote, tena huzijibu kwa adabu. Basi leo na mimi nijalie kuwa mzazi.

Shida yenyewe unaijua, mji mzima unaijua. Timu yetu ina kwotabeki anayeanza, Colby Tveit, na kwotabeki anayekaa benchi, Brody Grunke. Mimi si mtaalamu wa mpira huu wenu wa umbo la yai, lakini nimeishi nao nyumba moja miaka mingi. Nilivyoelewa, kwotabeki ni yule anayepokea mpira, anaangaza macho huku na huku, kisha anamtupia mtu aliyevaa jezi ya rangi kama yake. Hilo sharti la rangi ndilo linalomshinda Colby. Mkono wake si wa birika hata kidogo: anawapa wetu, anawapa wao, na juzi karibu ampe mpiga tarumbeta. Brody kwa upande wake hajawahi kumpa adui mpira hata mara moja, kwa kuwa hajawahi kucheza.

Kila wiki watu wanakuuliza nani ataanza, na kila wiki unajibu neno lile lile: "Tutaona Ijumaa." Ijumaa ikifika unamwanzisha Colby, tunafungwa, Jumamosi asubuhi wanakuuliza tena, unajibu tena. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nyumbani kwako hakuna linaloamuliwa. Mfereji wa bati wa kukinga maji ya paa umening'inia tangu kiangazi. Nikuulize lini utaupigilia, tutaona Ijumaa. Yule mbwa hana jina mpaka leo. Mimi nilitaka Duke, wewe ulitaka Otto, na nilipokubana ukanijibu kwamba majina yote mawili yana nafasi sawa na utayaangalia mazoezini. Mazoezi gani, mume wangu? Ukimwita Duke haji, ukimwita Otto haji. Mtu akisema "Tutaona" anakuja mbio na mkia juu, maana ndilo neno analolisikia zaidi katika nyumba hii.

2. Neno limetoroka nyumbani na sasa linazurura mjini. Nilikwenda kwa daktari wa meno na shavu limevimba, nikamwuliza kama jino litang'olewa. "Tutaona Ijumaa, Ardith!" akasema, akacheka mpaka taa ikatikisika, na mimi mdomo wazi na vyuma ndani siwezi hata kumtukana. Nikapita mgahawani kujiliwaza. Nikauliza kama pai ya tufaha ipo. Yule binti wa kaunta akawageukia wateja, na wote kwa pamoja, pamoja na wakulima ambao kwa kawaida hawasemi neno mpaka masika, wakaimba: "Tutaona Ijumaaa!" Pai ilikuwepo. Niliiona kwa macho yangu kwenye kabati la kioo.

3. Kanisa limegawanyika. Kule chini, kwenye ukumbi wa kahawa, wanawake wa upande wa Colby wanaleta bakuli la nyama ya kusaga na viazi juu, na wanawake wa upande wa Brody wanaleta bakuli hilo hilo, lakini wanaliweka meza nyingine. Mimi mke wa kocha nalazimika kula kote kote ili nisionekane napendelea, na sketi zangu zinatoa ushahidi. Mchungaji Lindgaard naye Jumapili aliomba hivi: "Bwana, umbariki kwotabeki wetu, yeyote yule utakayekuwa umemchagua." Mama mmoja nyuma yangu akanong'ona, "Hata Mungu anasubiri Ijumaa." Nilijifanya natafuta wimbo kitabuni.

4. Bango. Unajua wasichana wa shangwe huchora bango kubwa la karatasi, wachezaji walipasue wakiingia uwanjani. Wiki hii limeandikwa: SIMBA WETU NI, halafu pengo. Pengo, Verlyn. Wale watoto wamesimama na brashi mikononi, rangi inakauka kwenye kopo, wanasubiri neno lako. Mmoja wao aliniambia, "Bi. Sollum, tumefikiria tuandike tu SIMBA WETU NI MTU."

5. Hili nalisema kwa uchungu. Jumamosi msaidizi wako Denny Aasen alikuwa anaoa. Ulikuwepo, ulikaa karibu nami, ulivaa tai niliyokupa. Mchungaji akamwuliza Denny kama yuko tayari kumchukua Janelle awe mke wake. Na Denny, ambaye tangu Agosti anasimama bega kwa bega nawe mbele ya waandishi na wazazi, akasema kwa sauti kavu, kama mashine iliyobonyezwa: "Tutaona Ijumaa."

Maua yakaanza kutetemeka mkononi mwa Janelle. Baba yake, yule mfuga bata mzinga, akasimama polepole, na yule mtu akisimama huchukua muda kwisha. Denny akapiga kelele, "Ndiyo! Ndiyo! Nilitaka kusema ndiyo!" lakini Janelle tayari alikuwa ameinamisha kichwa. Nikadhani analia. Kumbe anacheka, masikini, mpaka vipodozi vikamshuka. Ndoa ilifungwa, namshukuru Mungu. Lakini siku nzima mkwe wake alimwita "Bwana Ijumaa," na nina hakika atakufa na jina hilo.

6. Utasema unaficha ili kuwachanganya adui. Mume wangu, adui hajachanganyikiwa. Adui anajua kwamba yeyote atakayeanza, mpira utamfikia.

7. Sasa nakuja penyewe, kwa sababu mimi si mjinga na nakujua ulivyo. Ijumaa hii ni mchezo wa mwisho nyumbani, usiku wa wanaomaliza shule. Kila mchezaji wa mwaka wa mwisho ataingia uwanjani na mama yake, mama amevaa jezi yenye namba ya mwanawe, jina litatangazwa na watu watapiga makofi. Brody bado ana mwaka mwingine mbele yake. Colby hana. Na Rhonda Tveit, mama yake, aliyemlea peke yake kwa mshahara wa kiwanda cha bata mzinga, amebadilishana zamu na wenzake ili amwone mwanawe akianza kwa mara ya mwisho. Kila mtu anayeingia kiwandani humwambia. Walinzi wanajua. Nadhani hata bata mzinga wanajua.

Hiyo ndiyo sababu yako. Ukimwanzisha Colby tutafungwa tena, na wavulana wengine wamechoka kufungwa, nao ni watoto wa watu. Ukimwanzisha Brody, itabidi umtazame Rhonda machoni akiwa amevaa ile jezi. Basi umesimama katikati kama fisi kwenye njia panda. Nisamehe, lakini njia mbili zilimshinda fisi, na yeye angalau alikuwa na njaa ya kumsukuma. Wewe umeshiba chakula changu.

Nakuhurumia, kwa kweli nakuhurumia. Lakini huruma isiyosema ni mateso. Yule mvulana anaamka kila siku hajui yeye ni nani, na mama yake anaishi kwa kusikiliza minong'ono. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na la Colby limeumia vya kutosha. Mwambie ukweli. Atalia, atanyamaza, halafu atakula, ndivyo walivyo wavulana.

Kwa kuwa wewe huwezi, nimekuamulia mimi. Brody aanze. Colby apewe ile kazi ya heshima ya kumshikia mpira mpiga mateke, ambapo anatakiwa kuushika tu, asimpe mtu. Rhonda atavaa jezi yake vile vile na atapigiwa makofi vile vile. Naomba unijibu kwa maandishi kabla ya chakula cha jioni cha kesho. La sivyo, na mimi nitaanza kuwa kocha humu ndani. Ukiniuliza chakula ni nini, tutaona Ijumaa. Ukiuliza soksi safi ziko wapi, tutaona Ijumaa. Na kama utalala kitandani au kwenye kochi na mbwa asiye na jina, hilo nalo nafasi ni sawa na nitaliangalia mazoezini.

Nisalimie Denny na bibi harusi wake. Wasalimie wapiga tarumbeta, hasa yule aliyenusurika. Msalimie kijana anayevaa lile vazi la bata bukini kushangilia timu, mwambie shingo ya vazi nimeishona, aipitie. Msalimie Brody, na umwambie mama yake kwamba bakuli lake la viazi lilizidi chumvi kidogo lakini nililimaliza.

Ni mimi mwenye kukupenda na kukulalamikia,

Ardith Sollum
(Bibi Kocha)

Nyongeza: Verlyn, nilikuwa nalamba bahasha mlango ukagongwa. Alikuwa Colby. Alikuja kurudisha lile bakuli langu la oveni ambalo Rhonda aliazima, limeoshwa mpaka linang'aa. Nikamkaribisha ndani, akakataa kukaa. Akasimama pale kwenye zulia na viatu mkononi, mrefu kama mlango, anamkuna mbwa masikio asiniangalie usoni.

"Bi. Sollum, naomba umfikishie Kocha ujumbe," akasema. "Mwambie amwanzishe Brody. Asihangaike kwa ajili yangu. Nikikutana naye kwenye korido siku hizi anajifanya anasoma tangazo ukutani, na tangazo lenyewe ni la kwaya."

Nikamwambia, "Na mama yako je, mwanangu? Amebadilisha zamu."

"Mama nimeshamwambia kutakuwa na baridi kali," akasema. "Nimemwambia avae koti juu ya jezi, alifunge vifungo mpaka juu. Nikiwa benchi, watu hawataiona namba. Hataona aibu."

Verlyn, nilikuwa na barua yako mkononi. Kila hoja niliyoihitaji ilikuwa imeandikwa humo na kupewa namba. Mvulana mwenyewe amekuja mlangoni kukubaliana na mimi. Nilichotakiwa kusema ni, "Sawa, Colby, nitamwambia." Nikafungua mdomo na nikajisikia nikisema:

"Tutaona Ijumaa."

Mbwa akaruka juu kwa furaha. Na Colby, yule mtoto, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza, akatabasamu mpaka masikioni. "Kweli, Bi. Sollum?" Nikamwambia kweli. Nikampa kipande cha pai, akala akiwa amesimama, akaondoka, na kutoka dirishani nikamwona anarusha kitu kwenye pipa la taka la jirani kutoka mbali, ile karatasi ya pai nadhani, na alikosa kabisa. Nililia, sikufichi.

Kwa hiyo yapuuze yote kuanzia namba moja hadi saba, isipokuwa mfereji wa bati. Usiamue lolote kesho. Haraka haraka haina baraka. Akikuuliza mtu, hata akiwa mke wako, mjibu kama unavyojibu siku zote, na umjibu Colby usoni, lile tangazo la kwaya ulishalisoma.

Chakula kiko ndani ya oveni, kwenye lile bakuli aliloleta Colby. Nami nimempigia simu Rhonda. Nimemwambia koti aliache garini. Kama ni baridi, nitakaa naye na kumletea blanketi letu la sufu, nimfunike magoti. Magoti tu, Verlyn. Namba ionekane.