Dirisha Linafungwa Jumatano ya Majivu

Jumapili, 11 Januari 2026

Ligi ya netiboli imesimama. Wapinzani hawajasimama. Kigonsera wamepata mlinzi kutoka Songea: ameolewa na dereva wao. Kihagara wamepata pacha wawili. Mmoja kaolewa, mwenzake kaja kumsaidia kulea. Sisi Litembo? Mfungaji wetu amekwenda utawani. Tunamwombea. Hafungi.

Mwaka jana tulikuwa wa mwisho kundini. Tukiwa wa mwisho tena, Paroko kasema uwanja utakuwa wa kuanikia kahawa. Kocha ni mimi. Sina kingine duniani.

Huku mchezaji hanunuliwi, huolewa. Kwaresima hakuna harusi, basi dirisha la usajili linafungwa Jumatano ya Majivu. Klabu ina mali moja tu: kaka yangu Kilian, kapera, seremala asiye na kazi.

Mama kauliza kwa nini nisiolewe mimi. Nikamwambia klabu haiwezi kumwachia kocha wake. Akajibu kwamba hajasikia klabu iliyoomba.

Jumamosi, 17 Januari

Ninayemtaka ni Yuliana wa Kihagara. Mrefu kama mkaratusi, anafunga huku anacheka. Lakini nani atamwoza binti kwa mtu asiye na kazi? Nikamwombea Kilian kazi kila karakana. Moja imemchukua! Iko Kigonsera, lakini kazi ni kazi. Ottilia, mlinzi wangu, msusi wangu na rafiki yangu pekee, amelia kwa furaha. Huo ndio moyo wa timu.

Jumamosi, 24 Januari

Tumekwenda Kihagara, ziwani, kwa kisingizio cha usipa. Kilian akauliza tangu lini samaki hununuliwa kwa suti. Ottilia nilimchukua amsifie. Amemsifia mno: mabega, mikono, hata anavyokohoa. Yuliana akamwambia, dada, si uolewe naye wewe? Nikacheka sana. Kilian na Ottilia hawakucheka.

Jumanne, 27 Januari

Baba kamtuma mshenga! Sikuuliza wapi, mambo ya wazee. Mshenga ameondoka kwa miguu. Kihagara kwa miguu! Kabla ya chakula cha mchana amesharudi, anatabasamu. Wazee hawa wana mapafu.

Jumapili, 1 Februari

Tangazo la kwanza la ndoa. Paroko akasoma: Kilian... Nikafumba macho. ...na Ottilia, wa hapahapa Litembo.

Hapahapa! Wanapendana miaka miwili. Walichokosa ni kazi, na kazi nimeitafuta mimi. Baada ya harusi wanahamia Kigonsera.

Paroko akasema mwenye kujua kizuizi aseme. Nikasimama. Nikasema goli litabaki wazi. Kwaya nzima ikaangua kicheko. Paroko akasema kizuizi hicho Kanisa halikitambui, nikae.

Jumanne, 17 Februari

Harusi. Beata, nahodha wa Kigonsera, kaja na gari na vigelegele. Amenishukuru mbele za watu: mlinzi, na juu yake seremala wa kuwatengenezea magoli. Usajili wa bure, Kocha, akasema. Ottilia akanikumbatia, akaniita wifi, akaniambia nisilie. Nani alikuwa analia? Wali sikuumaliza. Goli halina mlinzi. Nywele zangu hazina msusi.

Jumatano ya Majivu, 18 Februari

Nimepakwa majivu, nimeambiwa nikumbuke kuwa mimi ni mavumbi. Nakumbuka. Nje ya kanisa watu walikuwa wanapima uwanja wetu kwa ajili ya vichanja vya kahawa. Hata ligi hawajaisubiri.

Nimelala kifudifudi mchana kutwa, natafuta kosa langu. Nimelipata. Kilian alikuwa kijana mno, na kijana ana moyo wake. Baba mdogo Polikarpo ni mgane wa miaka sitini na mitatu. Hapendi mtu yeyote. Suti ya Kilian itamtosha, tukikunja mikono. Yuliana bado hajaolewa, na dirisha linafunguliwa Pasaka.

Jumamosi nampeleka ziwani. Kwaresima hii, nani atashangaa tukienda kununua usipa?