Kidimbwi Kilichoshindwa Mtihani

Ndugu Mkuu wa Chuo cha Walimu,

YAH: KUFUKIWA KWA KIDIMBWI KILICHO NYUMA YA MABWENI

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa kwenye kiti kikavu. Mimi si mzima sana. Nimesoma tangazo lako kwamba chuo kinataka kukifukia kidimbwi hicho ili wakufunzi wapate pa kuegesha magari, na kwamba mwenye maoni ayalete kabla lori la kifusi halijafika. Maoni yangu ni haya: lifike upesi. Mimi ni mwalimu wa sayansi, wanafunzi huniita Mwalimu Chaki, na nilikuwa miongoni mwa walimu mliowapeleka kidimbwini kwa mafunzo ya ikolojia kwa vitendo. Naomba nieleze niliyotendewa.

1. Tuliamriwa kuingia majini. Nimefundisha habari za vidimbwi tangu nina nywele kichwani, na sijawahi kulowa hata soksi. Mkufunzi, binti wa umri wa kitindamimba wangu, alinishika mkono kwa adabu akiniita mzee wangu, akaniambia nivue viatu na kukunja suruali. Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Mimi nilivua viatu tu, lakini nikaoga, maana tope halikunipokea vizuri na nilikaa bila kukusudia.

2. Chura hakujiandaa. Chura wa kwenye bango langu, nililolichora kwa mkono wangu mwenyewe na ambalo kila mkaguzi hulisifu, ametulia kwa ubavu, miguu yote minne inaonekana, na anatabasamu kidogo. Wa kidimbwini alinitazama mara moja akaruka. Hivi mtoto atachora nini hapo?

3. Hili ndilo lililonivunja moyo. Katika bango langu mshale unatoka kwa mdudu kwenda kwa chura, kwa kuwa chura humla mdudu. Ndivyo kitabu kinavyosema na ndivyo mtihani unavyouliza. Basi nilichota maji kwa wavu, nikayamimina kwenye beseni jeupe kama tulivyoelekezwa, na humo mtoto wa kereng'ende, mdudu asiye hata na mabawa, akamkamata kiluwiluwi, mtoto halali wa chura, akamla mbele ya macho yangu. Nilimwambia aache. Nilimwonyesha kitabu, na ukurasa. Akaendelea kutafuna. Nikatoa kalamu nyekundu nikakisahihisha kidimbwi kizima: kimepata nne kwa kumi na tano, na mbili kati ya hizo ni za huruma. Kama kina malalamiko kuhusu usahihishaji, kiyapitishe kwako.

4. Nyumbani hakukaliki. Mama watoto alinikuta nimelala kifudifudi uani, nimezungushia kamba kipande cha ardhi kama tulivyofundishwa, nikisubiri sisimizi waamue wanakokwenda. Kamba ilikuwa ile ya kuanikia nguo, na nguo zilikuwa juu yake. Shemeji yangu, aliyekuja kututembelea na bado anatembelea, nilimweleza mezani kwamba mishale yote ya nyumba hii inaelekea kwake. Amenuna. Hajaondoka, lakini amenuna.

5. Darasani, mtoto mmoja aliuliza ni nani humla huyo mtoto wa kereng'ende. Nikafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wangu nikasema sijui. Ndugu Mkuu, nilitahayari mpaka masikio yakapata moto. Tangu siku hiyo hawashikiki. Kengele ya kwenda nyumbani inalia, wao wameizunguka meza yangu wanauliza. Wale waliokuwa wakilala kwa amani kipindi changu chote sasa wako macho, na wananiletea maji ya mtaroni kwenye chupa.

Kwa hiyo naomba kidimbwi kifukiwe. Naomba pia walimu wote tuliozoezwa tukalishwe kwenye chumba kikavu, madirisha yamefungwa, tusome kitabu kwa sauti mpaka tusahau. Vyura watakaosalia wapewe nakala ya bango langu, wajue wanatarajiwa kufanya nini.

Nisalimie wakufunzi, mpishi, mlinzi wa lango, watoto wako wote, na yule binti, ambaye simlaumu hata kidogo. Tatizo ni marafiki zake wa majini.

Wako katika ukavu,
Mwalimu Chaki

Nyongeza: Nilikuwa nakuletea barua hii kwa mkono, nikapitia kidimbwini na beseni kumpa yule mdudu nafasi ya mwisho ya kujirekebisha. Hayupo. Ameacha gamba limeng'ang'ania unyasi, mgongo umepasuka, na juu yake kereng'ende anakausha mabawa mapya. Sijaona kitu kizuri namna hii maishani mwangu, na kwenye bango langu hakimo. Lori la kifusi nalo limefika. Naandika haya nikiwa nimesimama majini mbele yake, karatasi nimeilaza juu ya beseni, na mlinzi wa lango ananisubiri ukingoni akukimbizie barua. Yote niliyoandika hapo juu yachane. Dereva amezima injini, anauliza humu mna nini cha kulindwa namna hii. Nimemwambia sijui, aje tuangalie. Anavua viatu.