Malkia na Lile Kopo la Umeme

Jumatatu, 3 Machi

Gari la umeme limeletwa ofisini leo. Linaendeshwa na kijana mmoja wa miwani myeusi. Nimempa jina: Chaji. Bosi amesema atayajaribu magari yote mawili wiki hii, lile na Malkia wangu wa petroli, na Ijumaa atachagua moja. Gari litakaloshindwa litauzwa, na dereva wake atahamia stoo kuendesha pikapu.

Mimi! Stoo! Miaka yote hii namfungulia Bosi mlango, leo nikabebe mifuko ya saruji!

Nimelikagua hilo gari wakati Chaji anakula. Mungu si Athumani. Pengo la boneti upande wa kushoto linaingia kidole. Upande wa kulia haliingii hata kucha. Dashibodi ukiigusa inalia. Malkia alijengwa na watu waliotulia. Hili lilijengwa na watu wenye haraka ya kwenda nyumbani. Nimelala nikitabasamu.

Jumanne, 4 Machi

Nimemwomba Bosi asikilize milango. Nikafunga wa Malkia: puu! Sefu ya benki. Nikafunga wa umeme: kacha! Kopo la maziwa. Bosi akakiri kuwa tofauti anaisikia. Mhasibu naye akaafiki kwa kichwa. Ningeishia hapo.

Sikuishia hapo. Nilitaka Bosi alione na pengo. Sikuwa na kitu chembamba, nikaazima kadi yake ya getini, nikaipenyeza kwenye boneti. Ikapenya vizuri sana. Ikapenya yote.

Chaji na fundi wamefungua bampa kuitafuta hadi mchana. Bosi alipotoka na kurudi, mlinzi akamzuia getini, akasema sheria ni sheria, bila kadi haingii mtu. Bosi kasimama juani mpaka alipoletewa barua ya ruhusa na mhasibu. Nadhani pengo amelielewa.

Jumatano, 5 Machi

Jaribio la maji. Nimempa mwosha magari mpira, nikamwambia aupige mlango wa nyuma wa lile kopo bila huruma. Limevuja! Kijiko kizima cha maji juu ya zulia! Nikawaita wafanyakazi wote waje waone. Mtu wa haki mimi, nikaamuru Malkia naye amwagiwe mbele ya mashahidi.

Nilisahau kidirisha cha paa. Huwa nakiacha wazi ili viti vya ngozi vipumue.

Leo vimekunywa. Bosi ameenda mkutanoni na Chaji. Nyumbani nimemweleza mke wangu yote, akasema nyani haoni kundule. Kweli kabisa, yule Chaji hajioni.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemkausha Malkia siku nzima, madirisha wazi, feni hadi mwisho, injini imezimwa ili nisimchoshe. Jioni Bosi akaja mwenyewe, akasema anataka kumpa Malkia nafasi ya mwisho, ana mgeni wa kumpokea. Nikamfungulia mlango kwa madaha. Nikawasha. Kimya. Nikawasha tena. Feni ilikuwa imemaliza betri yote.

Bosi akakaa kidogo kwenye kiti chenye unyevu. Kisha akashuka. Nikamwambia asikilize basi mlango unavyojifunga. Hakugeuka.

Ijumaa, 7 Machi

Ametuita. Mimi na Chaji, bega kwa bega. Bosi hakupandisha sauti.

“Pengo nimeliona, kaka. Na mlango nimeusikia. Malkia ametengenezwa vizuri kuliko hilo la umeme, hilo sibishani nawe. Ila mimi nataka gari la kunifikisha.”

Iliniuma. Chaji akanishika bega, akaniambia pole mzee wangu, akaahidi kunizungusha siku moja na gari lake. Nilimshukuru. Moyoni sikumshukuru hata kidogo. Malkia amechukuliwa na mnunuzi saa ya chai, nami nikajifanya nina kazi chooni.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekabidhiwa pikapu. Nilikwenda nimenuna. Lakini nikaikagua, maana jicho la fundi halilali. Jamani! Mlango unafungwa kwa mara ya tatu, lakini ukifunga umefunga. Na mapengo? Kushoto unapita mkono, kulia unapita mkono. Usawa mtupu! Hilo la umeme lingejifunza hapa. Na maji ya mvua yakiingia juu yanatokea chini, hayakai.

Bosi hajawahi kuipanda, ndiyo maana hajui. Jumatatu alfajiri nitaiosha na kuiegesha mlangoni pake. Dosari ni moja tu: kiti cha abiria kiling'olewa zamani. Jambo dogo. Nimepima kiti chetu cha sebuleni, kinaenea kabisa.

Mke wangu amekikalia. Nasubiri ainuke.