Mandazi Ndani ya Sufuria Lisilotumika

Leo ni Jumamosi. Nilichopoteza ni heshima yangu yote, dukani, mbele ya foleni. Mke wangu Salma nilimpoteza mwaka jana, hilo mnalijua, na silo ninalolisema hapa. La leo ni la aibu tu.

Kwa wale ambao hamkuja kwenye mkutano uliopita: chama chetu kilinunua sufuria la umeme la kupikia wali. Jipya. La mikahawa. Linang'aa mpaka unaweza kunyolea ndevu. Tulilitaka kwa ajili ya misiba na visomo, maana tumechoka kugawana mchele tukapike kila mtu kwake, huu unaletwa mbichi, ule umekuwa uji. Siku lilipofika kila mtu alilipapasa. Hakuna aliyetazama waya wake.

Mwisho wa waya kulikuwa na plagi nyekundu, kubwa kama ngumi, yenye meno matano. Ukumbi wetu wa mtaa wa Saint-Gilles una soketi za kawaida, hizi za kuchajia simu. Tulizunguka kuta zote na ile plagi mkononi kama watu wanaotafuta shimo la panya. Wapi! Mwenye ukumbi akatwambia plagi hiyo ni ya viwanda na majiko ya hoteli. (Sisi ni chama cha kuzikana. Hoteli hatuna.)

Basi sufuria ni zima, halina kosa lolote, ila halitufai. Na kesho ndiyo kisomo cha mwaka cha Salma. Wageni wanatoka mpaka mji wa Liège. Nilikuwa nimejiwekea nia moja tu: siku yake watu wale wali wa moto, washibe, wapakie na wa kubeba. Mke wangu hakuweza kuona mtu anaaga kwake na njaa. Kama dukani wangekataa kutubadilishia, kesho wageni wake wangekula mkate wa kununua. Mimi nisingeinua uso.

Mwenyekiti wetu, Mama Zuhura, alinipigia simu jana.

"Baba Sauda, sufuria utalirudisha wewe."

"Kwa nini mimi?"

"Una uso wa msiba. Watakuonea huruma."

(Ahsante, mwenyekiti.)

"Niwaambie nini?"

"Waambie limekufa."

"Halijafa."

"Basi sema linatoa moshi."

"Mama Zuhura, halijawahi kuchomekwa mahali popote. Moshi litautoa wapi?"

"Yaani wewe! Huo ukweli wako kesho utatulaza njaa." Akavuta pumzi. "Haya, nenda na ukweli wako. Ila vaa lile koti jeusi."

Nikavaa koti jeusi.

Sasa hapa ndipo nilipojichimbia shimo. Leo baada ya swala ya alfajiri nilikuwa nimekanda unga. Tangu niwe peke yangu najifunza mandazi. Ya mwanzo kabisa nilimpa jirani, akaniuliza kwa adabu kama ni ya kula. Ya leo yalifura! Yalifura kweli, yakawa na tumbo, na iliki ikanukia mpaka kwenye ngazi za jengo. Nilifurahi peke yangu pale jikoni kwangu Koekelberg kama niliyeshinda uchaguzi.

Kisha nikalipangusa sufuria, nikafunua kifuniko kuhakikisha ndani ni safi. Ni safi. Na ni tupu. Nikautazama ule utupu nikaona haya. Nyumbani kwangu chombo cha mtu hakijawahi kurudi kitupu. Jirani akileta bakuli la mchicha, bakuli linarudi na vitumbua. Hata yule mama wa Kipolandi wa ghorofa ya chini, Salma alikuwa akimrudishia vyombo vyake na sambusa mpaka akazoea, akawa analeta vyombo makusudi.

Mkono ukafanya wenyewe. Mandazi ya moto kwenye kitambaa safi, kitambaa ndani ya sufuria, kifuniko juu, sufuria ndani ya boksi lake. Sikufikiri hata kidogo. (Ndilo tatizo lenyewe.)

Nikalifunga boksi kwenye kigari cha sokoni, nikapanda metro, nikafika dukani upande wa machinjio. Ni duka la vifaa vya mikahawa. Foleni ilikuwa ndefu. Nyuma yangu alisimama mama mmoja Mkongomani, mnene, mchangamfu, anaongea na simu kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Kumbe ana mgahawa wake mtaa wa Matonge. Jina lake Maman Béa, mtamjua.

Zamu yangu ikafika. Mwenye duka ni mama wa Kibelgiji, miwani mikubwa, hana maneno mengi. Nikamweleza kwa Kifaransa changu cha kuunganisha: sufuria ni zuri, ni zima, lakini plagi yake haituingii.

"Halijaharibika?" akauliza.

"Hapana."

"Kwa hiyo si kosa letu."

"Si kosa lenu. Ni letu."

Akanitazama. Nadhani hawajazoea. Akasema kwa sheria halazimiki kulipokea tena, lakini anaweza kunibadilishia kwa hisani yake, kwa sharti moja tu: liwe halijatumika kabisa.

"Halijatumika," nikasema.

"Hata kujaribiwa?"

"Hata kujaribiwa."

"Una hakika, bwana?"

Hapo nikanyoosha koti, nikaweka mkono kifuani, nikasema kwa sauti ya kusikika na foleni nzima: "Madame, mimi sisemi uongo."

(Nilisema hivyo. Kwa mdomo wangu mwenyewe. Mungu alikuwa akinisikiliza na nadhani alitabasamu.)

Madame akafungua boksi. Akainua kifuniko.

Mvuke ukapanda. Miwani yake ikaingia ukungu, vioo vyote viwili, akawa haoni. Iliki ikatembea dukani kote. Mtu wa nyuma kabisa kwenye foleni akanyoosha shingo.

Madame akavua miwani polepole, akaifuta, akaivaa, akachungulia tena ndani.

"Bwana. Hii ni nini?"

"Mandazi," nikasema.

"Umesema hujapika humu."

"Sijapika humo."

"Lakini yamo humu."

"Yamo humo, lakini hayakupikwa humo."

"Na ni ya moto."

"Ni ya moto, ndiyo. Ya leo."

"Basi yanafanya nini humu ndani?"

"Ni yenu," nikasema.

"Yetu?"

"Zawadi. Kwa ajili ya ... chombo." Kifaransa kikaishia hapo. Kiliondoka chote, kikaniacha na mikono. Nikaanza kueleza kwa mikono: bakuli linakwenda, bakuli linarudi, ndani kuna kitu. Nadhani nilifanana na mtu anayeogelea. Nyuma yangu Maman Béa alikuwa amekata simu.

"Yee! Papa, uliwekea nini mandazi mu masini ya muntu?"

Foleni ikacheka. Hata wale ambao hawajui Kiswahili walicheka.

Madame hakucheka. Akaanza kukirudisha kifuniko, na nikajua wali wa kisomo cha Salma ndio unaofunikwa. Nikasema ngoja, ngoja, nikuonyeshe plagi. Nikauvuta waya kwa pupa. Waya ukakamata kitambaa. Kitambaa kikafunuka, na mandazi yangu, yale yenye matumbo, yakaruka na kuviringika sakafuni kila moja na njia yake. Moja liliingia chini ya friji la maonyesho.

Nikapiga magoti. Mzee mzima, koti la msiba, makalio juu, mkono chini ya friji la watu, natafuta andazi. Sijui kwa nini. Nadhani niliona nikilipata lile moja mambo yatatengemaa.

"Papa, simama," Maman Béa akaniambia. "Acha iyo moya, iende."

Sikusimama. Nikiwa pale chini, nikauinua ule waya juu na plagi yake nyekundu. Mfuniko wa plastiki angavu wa kiwandani bado uko juu ya meno, na utepe wake haujakatwa. Nikasema neno langu la mwisho la Kifaransa: "Nyumbani kwangu, tundu kama hili hakuna."

Maman Béa akaidaka hoja hapo. Akamweleza Madame kwa Kifaransa kinachotiririka kwamba kwetu hakuna mwenye adabu anayerudisha chombo cha mtu bila kitu ndani, na huyu papa amefikiri duka ni jirani yake. Akamwambia: "Na hebu fikiri, Madame. Kama hawezi kulichomeka, angepikaje?"

Madame akaishika plagi. Akaigeuza. Akagusa utepe kwa kucha. Akanitazama mimi pale chini, kisha sufuria, kisha plagi.

"Kwa hiyo hata ungetaka kulitumia ..."

"Nisingeweza," nikasema. "Ndiyo maana nimelirudisha."

Hapo akacheka. Alicheka mpaka akaegemea kaunta. Akasema nitabadilishiwa, nichukue mawili madogo yenye plagi za kawaida. Nikainuka, magoti yakalia.

Yalikuwa yamebaki mandazi machache ndani ya kitambaa, hayajagusa chini. Madame akachukua moja, akamgawia Maman Béa moja. Wakatafuna. Wakatafuna sana.

"Papa," Maman Béa akasema, "ni weye mwenyewe ulipika?"

"Ni mimi."

"Iko ngumu, papa. Bibi yako hakukufundisha?"

"Mke wangu ndiye tunayemsomea kesho. Masufuria ni ya wageni wake."

Akaacha kutafuna. Akaniwekea mkono begani, mbele ya wale watu wote waliokuwa wakinicheka.

"Pole, papa. Pole sana." Kisha akameza. "Alors, unga, uiache ilale kwanza. Unaipikaka mbio sana."

Madame hakuelewa maneno, lakini alichukua andazi la pili. (Naliandika hili kwa herufi za kawaida ila moyoni ni kubwa.)

Maman Béa ana gari lake dogo la kubebea vitu vya mgahawa. Akapakia masufuria yote mawili, akanipakia na mimi, akatuleta mpaka Saint-Gilles. Mama Zuhura alikuwa mlangoni.

"Wamekubali! Uliwaambia limekufa?"

"Hapana."

"Sasa walikubalije?"

"Kwanza waliniona mwongo."

"Wewe?!"

Nikamwambia ni habari ndefu, tujaribu masufuria. Tukachomeka moja ukuta wa huku, jingine ukuta wa kule. Tukasubiri umeme uzidiwe, taa zizimike. Hazikuzimika! Tukapika mchele kidogo kwa majaribio, ukaiva punje kwa punje. Kesho njooni na vyombo vya kubebea. Salma atakuwa na wali wa kuwatosha wageni wake, na atakayeondoka na njaa amejitakia.

Nawaomba kitu kimoja tu, ndugu zangu. Kesho mbele ya mashehe asinitajie mtu mandazi.

Lakini nadhani nimechelewa. Maman Béa hakuondoka. Yuko jikoni anamkatia Mama Zuhura vitunguu, na nasikia amefika pale niliponyoosha mkono chini ya friji. Mama Zuhura anapiga meza kwa kiganja. Mimi niko ukumbini napanga viti, na nimelazimika kukikalia kimoja, kwa maana nacheka mpaka mbavu zinauma.