Fyuzi ya Kwenda Ukweni

Jumatatu, 10 Novemba

Jumamosi naenda Werugha na wazee wangu kumposa Eddah. Baba yake, Mzee Ambrose, ametoa sharti moja tu: wazee wafikishwe mlangoni na gari la mposaji mwenyewe. Kuna kijana aliwahi kuja hapo kwa gari la kuazima, na baada ya harusi ikajulikana hata baiskeli hana. Sawa kabisa. Mimi gari ninalo! Kuukuu kidogo, otomatiki, linasukumwa na magurudumu yote manne. Leo nimelifungia tairi mbili mpya mbele. Za nyuma zimebaki vipara, lakini mgeni hutazamwa uso, hatazamwi kisogo.

Tatizo dogo. Nikikata kona kali, gari linajikaza na kurukaruka nyuma, kama ng'ombe anayekataa kuingia joshoni. Harrison akaniona pale nilipokuwa nikiweka mafuta. Huyu ni mume wa Dinah, dada mkubwa wa Eddah. Hubeba maziwa kwa pikapu kutoka Werugha na anajiona mkwe wa mfano. Akacheka. Akasema ni tairi: gari la aina hii lataka zote nne ziwe sawa, la sivyo mbele na nyuma huvutana. Basi. Ikiwa Harrison amesema ni tairi, si tairi.

Jumanne, 11 Novemba

Nimefanya uchunguzi wangu mwenyewe. Nimelizungusha gari katika uwanja wa mpira, usukani umekatwa hadi mwisho. Kulia linajikaza. Kushoto linajikaza. Moja kwa moja, raha mustarehe. Watu wa bodaboda wakajaa kutazama, mmoja akauliza kama nasomea kuendesha. Nimempuuza.

Jibu nimelipata: breki! Nimezifungua za nyuma zote mbili, hazina neno. Nimezifunga tena. Bolti moja imebaki mkononi. Dada yangu Mbeyu akauliza kwa nini nisimuulize fundi. Nikamwambia anayemuuliza fundi ni mtu asiyejua.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimemuuliza fundi. Kimyakimya, na bolti mfukoni.

Fundi Nzioka alianza kwa kuirudisha bolti mahali pake huku akinitazama vibaya. Kisha akachukua fyuzi ndogo, akaichomeka kwenye kijisanduku karibu na injini, akasema nikate kona. Ajabu! Gari kimya, laini, halirukiruki. Akaeleza kwamba fyuzi hiyo inayapumzisha magurudumu ya nyuma, na ni ya kupimia tu. Kwa kuwa gari limelegea, giaboksi ni nzima, sasa tuangalie tairi. Tairi tena! Huyu amelishwa maneno na Harrison. Nikamshukuru, nikaondoka na fyuzi iko palepale. Mgonjwa amepona, ya nini tena kumpima?

Jumamosi, 15 Novemba

Kona zote za kupanda Wundanyi tumezikata kama mabwana. Mjomba Hudson, msemaji wetu, akanisifu mara mbili. Nyuma tulikuwa na wazee wawili, mchele, sukari na kreti za soda.

Kisha mvua. Kisha mteremko wa tope wa kwa kina Eddah, ambao sisi tulikuwa tunaupanda. Tairi zangu mpya zikazunguka, zikaimba, zikarusha matope. Za nyuma hazikusaidia hata kidogo. Mjomba Hudson akashuka kusukuma, na suti yake ya harusi. Akarudi na rangi nyingine.

Akatokea nani? Harrison, na pikapu ya maziwa. Akachungulia chini ya boneti, akaniambia nichomoe fyuzi ili magurudumu ya nyuma yafanye kazi, tutapanda wenyewe. Mbele ya ukoo mzima! Nikamjibu kwamba fyuzi hiyo ndiyo dawa. Akafunga kamba.

Nimefika ukweni nikivutwa, nyuma ya mitungi ya maziwa. Mzee Ambrose alitukaribisha chai vizuri sana. Kisha akamwambia Mjomba Hudson kwamba habari ya Eddah leo hataisikia, kwa kuwa posa haiji kwa kamba. Turudi Jumamosi ijayo, gari likitembea lenyewe. Ikishindikana tena, tusijisumbue.

Niliona aibu. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma. Eddah alinipa taulo, akasema yeye angenikubali hata kwa miguu, ila babake ndiye babake. Akaniomba jambo moja: nimsikilize Harrison mara moja tu. Nikamwambia mimi husikiliza kila mtu.

Jumapili, 16 Novemba

Nimepata ufumbuzi! Dinah ametuma picha za jana, na kosa langu nimeliona wazi. Gari likiingia kwa Mzee Ambrose, ubavu wa kushoto ndio unaoelekea barazani. Katika kila picha, ile tairi ya nyuma kipara iko wazi kabisa, na Mzee ameikodolea macho. Ndiyo iliyomkasirisha! Kwa hiyo Harrison alikuwa sahihi, ni tairi. Ameshindwa tu kujua zipi.

Nimezihamisha zile mpya mbili zote upande wa kushoto, mbele na nyuma. Vipara vyote viko kulia, upande wa migomba, ambako hakuna mkwe. Sijanunua chochote. Fyuzi iko mahali pake, nayo nimeizungushia utepe isije ikatoka.

Nimelijaribu gari jioni hii hadi karibu na Miasenyi. Linavuta kulia kidogo. Utakuwa upepo.